Diski imetoka mara ya pili: namna ya kujipanga kwa upasuaji wa tundu dogo

Nimepasuliwa mgongo mara mbili, mahali palepale, kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno: 2022 na mwishoni mwa 2024. Ninalima zabibu Hombolo, Dodoma, kwa hiyo nitakueleza kwa zabibu. Ibane kwa vidole: ganda linachanika, nyama inachomoka. Diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, nayo ina ganda gumu nje na ute mzito ndani. Ute ukichomoka unagandamiza mshipa wa fahamu, moto unashuka kutoka kwenye tako hadi kidole gumba cha mguu. Kwa kawaida daktari anaondoa kile kilichochomoka tu, ganda halishonwi, ule mwanya unabaki hadi ufunge wenyewe taratibu. Hilo sikulielewa mara ya kwanza. Huenda niliambiwa wakati nusu kaputi haijanitoka kichwani. Mwezi wa pili baada ya kupasuliwa nikawa shambani na kreti ya zabibu kiunoni. Kati ya watu 100 waliofanyiwa, kama 5 hadi 15 huwarudia. Nikawemo.

Maumivu yakirudi, usikimbilie kisu. Hakikisha kwanza kwamba ni diski, kwa sababu kovu la operesheni ya zamani nalo linaweza kuuma hivyohivyo. Kinachosaidia kutofautisha ni MRI, picha ya mashine ya sumaku, yenye dawa ya kuchoma kwenye mshipa, wenyewe wanaiita kontrasti: kovu linaivuta dawa na kung'aa, kipande cha diski kinabaki cheusi. Mimi nilipigwa picha ya kawaida mahali fulani, nikalipa, halafu nikaambiwa nirudie. Uliza kabla ya kufika dirisha la malipo. Watataka pia kupima figo kabla ya dawa hiyo. Na beba picha zote za zamani pamoja na karatasi ya maelezo ya operesheni ya kwanza. Yangu nilikuta nimefungia mbegu za alizeti.

Hata diski iliyotoka mara ya pili inaweza kutulia yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa, kutembea na mazoezi tiba. Subiri, lakini jichunguze. Kandambili ikianza kuchomoka mguuni bila wewe kujua, mguu unapoteza nguvu, muone daktari mapema. Ganzi ikikushika sehemu unayokalia baiskeli, au mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, hiyo haingoji asubuhi. Kodi gari hata kama ni saa nane usiku, maana mishipa ikibanwa muda mrefu huenda isirudi.

Mimi kandambili ilichomoka. Rufaa ikanipeleka MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa daktari, uliza anapita njia gani. Kuna kuchana sentimita 2 hadi 3 na kutazama kwa hadubini; kuna kupitisha bomba jembamba linalotanua msuli badala ya kuukata; na kuna kamera inayoingia kwenye tundu lisilozidi sentimita 1 hivi. Uliza pia amerudia wangapi waliokwisha kupasuliwa, wala usione haya. Tundu dogo halimaanishi operesheni ndogo: mara ya pili kovu linakuwa limeganda kwenye utando wa mishipa, na hatari ya kuuchana na maji ya uti kuvuja ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Nikamuuliza kuhusu vyuma vya kushikilia pingili, kwa kuwa jirani yangu aliwekewa. Akajibu, "Mama, pingili zako hazichezi. Tutavifikiria zikianza kucheza, au diski ikirudi tena na tena." Akaongeza kwamba anachotarajia kuupoza zaidi ni mguu, kiuno kinaweza kuendelea kuuma kidogo. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Mtajie kila dawa unayotumia, hasa aspirini na za kuyeyusha damu, na usiache yoyote kabla hajakuambia. Sukari iwe imeshuka. Sigara acha. Wazee wetu mtabisha, lakini ugoro nao ni tumbaku.

Kabla ya kuondoka, andaa nyumba. Hapa ndipo nilipokosea 2022. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa mgongo mbichi ni mateso. Safari hii mwanangu alitoboa kiti cha plastiki, tukakiweka juu ya tundu. Sufuria, sabuni na chaji ya simu vikapandishwa usawa wa kiuno. Kitanda cha kamba kilicholegea nikakitoa nje, nikalalia godoro gumu kiasi.

Jioni ileile ya operesheni walinisimamisha, nikatembea hadi mlangoni. Kutoka kitandani ni hivi: geukia ubavu mwili mzima kwa pamoja, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Muuguzi alisema, "Mama, geuka kama gogo." Nikamwambia mimi ni Mgogo, hiyo naijua. Kucheka kuliniuma.

Nilirudi Dodoma kwa treni ya SGR, nikiinuka kila baada ya nusu saa. Basi lingenikalisha siku nzima.

Wiki sita za kwanza usiiname, usijizungushe kiuno, usibebe zaidi ya kilo 5 hivi, au kadiri daktari wako atakavyopanga. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo maji nilichota kwa kidumu cha lita 3, majirani wakinicheka. Baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo, na kujikamua kunabana diski. Kunywa maji, kula mboga. Mlenda ulinifaa kuliko vidonge vya kulainisha. Homa, kidonda kutoa maji, au kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu ya mguu yaliondoka wiki ya kwanza. Ganzi ya kidole ilichukua miezi saba. Msimu huu nakata vichala vilivyo usawa wa kifua. Vya chini anakata mwanangu, na kreti anabeba yeye.