Jinsi ya kuchimba nyumba ya udongo kwenye mji wa kale wa pwani

Naandika hii kwa sababu kuna kijana wa chuo nilikuwa namsaidia, kapewa kona yake kwenye machimbo ya akiolojia kaambiwa tafuta nyumba ya miti na udongo, kabaki anaikodolea macho ardhi. Simlaumu, watu wengi wanafundishwa kufuata kuta za matumbawe. Kilwa enzi za mwanaakiolojia Chittick miaka ya 1960 nguvu nyingi zilienda kwenye misikiti na majumba ya mawe, wakati wakazi wengi wa miji hii walikaa kwenye nyumba za kukandika. Hata Songo Mnara, kisiwani karibu na Kilwa, mji unaosifika kwa nyumba za mawe, utafiti ulioanza 2009 ulikuta nyumba za udongo humohumo ndani ya ukuta wa mji, kwenye maeneo yaliyodhaniwa ni wazi.

1. Kibali. Tanzania Bara nenda Idara ya Mambo ya Kale, Zanzibar wana ofisi yao, Kenya ni Makumbusho ya Taifa. Bila karatasi usiguse jembe. Na uongozi wa kijiji uwaone mapema, sio siku vifaa vinashuka kwenye boti.

2. Pa kuchimba. Ukipata mashine ya kupima usumaku itumie, udongo ulioungua na sehemu za jiko zinaonekana vizuri. Huna? Chimba vishimo vya koleo kwa mstari, chekecha, andika wapi umepata vipande vya udongo ulioungua vyenye alama za fito. Hivyo ndo vinakuambia nyumba iko karibu.

3. Fungua eneo pana. Kile kishimo cha mita moja kwa moja kinafaa kujua tabaka na umri, nyumba hutaipata humo hata ukeshe. Mi naanza na mita nne kwa nne na naongeza. Kambi inayochimba sentimita kumi kumi bila kujali udongo umebadilika wapi sielewani nayo, maana sakafu ina unene wa kidole tu, unaipita huku unajaza fomu.

4. Ukuta ulioyeyuka. Ukuta wa udongo usipoungua, mvua inaurudisha kuwa udongo. Kwa hiyo juu ya sakafu unakuta tabaka la udongo mtupu, halina vigae (vipande vya vyungu) wala mifupa, na mtu anasema basi tumefika chini, tufunge. Usifunge! Toboa kidogo pembeni uone chini yake kuna nini. Mara nyingi sakafu iko hapo chini, imefunikwa na ukuta wake yenyewe.

5. Sakafu na mashimo ya nguzo. Hapa ndo panakula siku nzima, kaa tayari.

Sakafu ya udongo utaijua kwa mkono kabla ya jicho: mwiko (wa chuma, kama wa mwashi) unabadilika sauti, udongo wa juu unabanduka kama ganda, na vigae vinalala chali badala ya kusimama hovyohovyo. Tumia mwiko mdogo wenye ncha, uliotengenezwa kipande kimoja, ile ya kuunganishwa shingoni inakatika. Parua kuelekea upande mmoja, rudi nyuma, usikanyage ulipokwisha safisha. Ufagio ukae mbali, unapaka vumbi la rangi moja kila mahali na rangi ndo unayoitafuta.

Shimo la nguzo ni duara la udongo wa rangi tofauti, basi. Saa sita mchana huoni kitu, jua linaua rangi zote, angalia asubuhi mapema au jua likishuka. Nyunyiza maji kwa pampu ya kupigia dawa shambani, funika na turubai, subiri, funua, na ukiona duara lizungushie mstari na ncha ya mwiko hapohapo kwa sababu likikauka linapotea na utabishana na wenzako mpaka jioni.

Sasa sio kila duara ni nguzo. Kaa wa pwani wanachimba, mizizi inaoza, panya nao. Kata nusu tu ya shimo, acha nusu nyingine imesimama, chora na upige picha ndipo umalizie. La nguzo lina kuta zilizosimama wima, mara nyingine na mawe au vigae vya kukazia; la kaa linapinda na kwenda mshazari; la mzizi linazidi kuwa jembamba na kugawanyika. Na shimo moja sio nyumba, tafuta mstari, pima umbali, linganisha. Fundi wa kijijini anayejenga kwa boriti za mikoko mwite aje atazame, anajua mlango hukaa wapi na nguzo ya kona inakuwa nene kiasi gani, mambo ambayo kwenye vitabu vyetu hayapo. Ila usimwache akumalizie nyumba kwa mazoea, ya leo ina vyumba vyake na ya zamani ilikuwa na vyake.

Umuhimu wake? Mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate huko Kenya, mwanaakiolojia Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti iliyotangulia. Angekuwa mtu wa kushangilia mawe tu, hadithi yote hiyo ingebaki chini.

6. Sampuli. Kabla ya kuvunja sakafu chukua udongo kidogo kila nusu mita, mfuko wake, namba yake kwa penseli (kalamu inafutika). Maabara ikikuta fosfeti nyingi (kemikali inayobaki udongoni vitu vikioza) inaonyesha palipomwagwa taka za chakula. Udongo wa mafigani uzamishe kwenye maji, mkaa na mbegu zinaelea juu, chota.

7. Kuchekecha. Wavu wa milimita tano kwa udongo wa kawaida, lakini wa sakafuni tumia mdogo zaidi, shanga za kioo zinapita kirahisi. Na usitupe kigae chenye vijifereji: kule Tumbe, Pemba, vigae vya hivyo ndivyo walivyonolea shanga za kombe, ni kazi ya nyumbani kabisa.

8. Tarehe. Kupimiwa umri, peleka maabara mbegu au kijiti chembamba kilichoungua. Mkaa wa boriti nene acha, mti unaweza kuwa ulishaishi miaka mingi kabla ya kukatwa na boriti ikahamishwa toka nyumba kuukuu, nyumba yako itaonekana ya zamani kuliko ilivyo. Kombe la baharini nalo linahitaji hesabu ya ziada, mwambie wa maabara limetoka pwani gani.

Ukimaliza tandika wavu chini ndo urudishie udongo, atakayekuja baada yako ajue uliishia wapi.