Jinsi ya kupata mawazo kwa mafundi wasiosema kikaoni

Itisha kikao karakanani, uliza "nani ana wazo?", utasikia feni peke yake. Mawazo wanayo, ila fundi mdogo hawezi kumpinga fundi mkuu mbele ya watu, na bosi akishasema lake wote wanaitikia "sawa mkuu" na kurudi kwenye randa. Nasimamia karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Kilichonisaidia ni kuandika kimya kimya, kwa njia aliyoieleza Mjerumani Bernd Rohrbach mwaka 1968, iitwayo 6-3-5: watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5 kila mzunguko.

Hatua ya 1: Tafuta swali dogo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiuliza "tuboresheje kazi?" utajibiwa "tuongezewe mshahara", jibu la haki kabisa, ila lina kikao chake. Jioni moja pita kwenye rundo la taka. Kilichojaa pale ndicho swali lako. Letu lilikuwa: tufanye nini ili vipande vya plaiwudi tunavyotupa vipungue?

Hatua ya 2: Changanya watu sita. Mkata mbao, mpaka vanishi, mshona makochi, dereva wa kupeleka mizigo. Usimsahau anayefagia, maana yeye ndiye anayebeba mnachotupa. Bosi asiwepo. Aking'ang'ania, ahesabiwe kati ya wale sita na ashike kalamu kama wenzake.

Hatua ya 3: Andikeni. Kila karatasi ina safu 3 na mistari 6, haina jina. Simu ilie kila baada ya dakika 5. Jaza mstari wa kwanza, mpe wa kulia kwako. Anayepokea asome, kisha aongezee la mwenzake au aandike jipya. Hakuna kuongea. Mizunguko sita ni nusu saa, na visanduku 108 vimejaa. Mengi yatajirudia. Mzunguko wa nne watu huchoka, wanaanza kuandika utani. Usiwakatishe, sisi wazo letu lilitoka kwenye wa tano. Asiyependa kuandika achore, na mafundi wengi huchora vizuri kuliko wasimamizi wao.

Hatua ya 4: Chagueni moja. Bandika karatasi ukutani, kila mtu aweke alama tatu. Basi.

Hatua ya 5: Lijaribuni wiki moja bila kununua kitu. Plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4, na kila fundi alikuwa akifungua yake kwa oda yake. Wazo lilisema: kusanyeni oda za wiki, mchore mpango wa kukata kabla ya kuwasha msumeno, ili kinachobaki kwenye ubavu wa kabati la huyu kiwe kitako cha droo ya yule. Tulihesabu plaiwudi zilizofunguliwa, tukalinganisha na wiki iliyotangulia. Mpango ule bado tunauchora kila Jumatatu. Mwandiko tuliutambua: ni wa mpaka vanishi, ambaye kikaoni sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "nipo".

Hatua ya 6: Jibu kila wazo. Lililokataliwa liandikie sababu palepale ukutani, kisha hifadhi karatasi. Rafu ya mabaki tuliikataa kwa kukosa nafasi. Tulipouza msumeno mbovu nafasi ikapatikana, nikaitoa ile karatasi kwenye droo, tukaipiga rafu siku hiyohiyo.