SOMO: Kuhifadhi mahindi ya kula mwaka mzima bila dawa (someni lote ndipo muulize)

Habari za leo wakuu. Kila ikifika Julai napokea ujumbe uleule: "Mama, mahindi yenu mnawekaje mpaka mnafika mavuno mengine?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja. Tuko Gairo, familia ya watu sita. Tunakula gunia sita na kitu kwa mwaka, na huu ni mwaka wa tano hatujanunua unga dukani. Dawa ya kuhifadhia hatuweki hata chembe. Tunatumia mifuko ya PICS, ile wengi wanaiita kinga njaa: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na wa nje wa kusokotwa kama wa sandarusi.

1. Vuna yakishakomaa. Bandua punje, tazama kitako chake. Ukiona alama nyeusi, tayari. Usiyaache shambani mpaka Septemba, dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje, anaanzia hukohuko.

2. Anika juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Jioni funika.

3. Pukuchua, pepeta, chambua. Punje iliyooza, iliyovunjika au yenye rangi ya ajabu, toa.

4. Pima ukavu. Hapa naomba mtulie, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wetu wa kwanza nilipima kwa meno, kama nilivyomwona mama akifanya. Punje ikalia "ka!", nikaridhika, nikafunga. Januari nikafungua gunia la kwanza: harufu kama ya pombe iliyolala, punje zimeshikana mabonge, na kwenye kiini ukungu wa kijani. Gunia tatu. Nilitaka walau niwape kuku, bwana shamba akanikataza. Tukachimba shimo, tukafukia, watoto wamesimama wanatazama. Sumu ya ule ukungu, sumukuvu, ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Kuipika haiondoki. Kuosha haiondoki.

Sasa napima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Chumvi ianikwe juani mpaka ikauke, la sivyo itakudanganya. Tia mahindi kama theluthi ya chupa, weka vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isiponata, USIKIMBILIE KUFUNGA. Kutonata maana yake uko chini ya 15 tu, na mfuko huu unataka 13 hivi. Ongeza siku mbili za jua kali. Na upime sampuli za katikati na chini ya lundo. Juu hukauka kwanza.

5. Yapoe. Mahindi yaliyotoka juani moja kwa moja yakifungwa moto hutoa jasho ndani ya mfuko. Yalaze ndani usiku mmoja, funga asubuhi.

6. Kagua mfuko. Ujaze hewa, usokote mdomo, ukandamize huku umeuweka karibu na shavu. Ukisikia upepo, una tundu.

7. Jaza mfuko wa ndani kabisa ukishindilia, bakiza mdomo wa kutosha, toa hewa, sokota, kunja, funga kwa kamba. Wa pili vivyo hivyo. Kisha wa nje.

8. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Ukishafunga, usifungue kwa mwezi mmoja: wadudu waliomo wanamaliza hewa, wanakufa wenyewe.

MASWALI

Mdau wa Kibaigwa: Kwa hiyo unaweka dawa gani?

Jibu: Kichwa cha habari, mkuu.

Mdau wa Makambako: Mimi nilitumia mifuko hiyo, dumuzi akatoboa. Ni uongo wa wafanyabiashara.

Jibu: Siuzi mifuko, pole kwanza. Uliyafunga na magunzi? Yalikuwa tayari yana wadudu wengi? Mdomo ulisokotwa au ulifungwa fundo tu? Nijibu hayo matatu, tutajua.

Mdau wa Makambako: Sikusokota. Nilifunga fundo.

Jibu: Basi hewa iliendelea kuingia na wao waliendelea kula. Rudia hatua ya 7.

Mdau wa Njombe: Samahani mama, bibi yangu alitundika mahindi darini juu ya jiko, moshi tu, na hayakubunguliwa. Imekuwaje siku hizi?

Jibu: Swali zuri sana mwanangu. Bibi alikuwa anapambana na fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, na moshi humfukuza fukusi. Dumuzi si wa kwetu, asili yake Amerika ya Kati; alianza kusumbua Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ndipo akasambaa. Huyu anatafuna hata mbao za ghala. Mbinu ya bibi haikuwa mbaya, aliyekuja ndiye mkali zaidi. Kwa mbegu ningeitumia hata leo.

Mdau wa Njombe: Na mbegu unahifadhi mwenyewe?

Jibu: Ndiyo, aina za Situka na TMV-1, kwa kuwa si chotara. Chotara ukirudia kupanda, mazao hushuka. Nachagua mahindi makubwa ya katikati ya shamba, mbali na la jirani, na nayaweka kwenye dumu lenye kifuniko cha kubana.

Mdau wa Kilosa: Dumu linafaa hata kwa ya kula? Mfuko kwangu bei imesimama.

Jibu: Linafaa, bora lilikuwa la mafuta ya kula na limeoshwa likakauka. La lita 20 linabeba kilo 15 hivi. Jaza mpaka juu kabisa, kifuniko zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Uzuri wake unafungua dumu moja tu kwa wakati. Mfuko nao ukiutunza unarudia misimu miwili mitatu.

Mdau wa Kongwa: Dona letu linachachuka. Tunasaga gunia zima.

Jibu: Ndiyo sababu. Dona lina kiini, na kiini kina mafuta. Saga ya wiki mbili tu, mengine yabaki punje.

Mdau wa Kibaigwa: Na maharage je?

Jibu: Mfuko huohuo, ukavu uleule. Asili yake ulibuniwa kwa kunde, kule Kameruni. Lakini maharage yakikauka mno yanakataa kuiva, kwa hiyo loweka usiku.