Namna ya Kuichambua Timu Inayokabia Juu kwa Mfumo wa 4-3-3

Uchambuzi wa timu inayokabia juu, yaani inayowabana wapinzani karibu na lango lao, huharibika pale mchambuzi anapoufuata mpira peke yake. Macho yake huvutwa na mshambuliaji anayemkimbilia beki, ilhali presha hufaulu au kushindwa kutokana na wenzake walio nyuma yake. Tafuta video inayoonyesha uwanja kwa upana, kisha tazama kila tukio mara mbili: kwanza mpira, halafu wachezaji walio mbali nao.

Hatua ya 1. Chora maumbo mawili ya timu, moja ikiwa na mpira na jingine mpira ukiwa kwa kipa wa wapinzani. Timu ya 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu) mara nyingi hushambulia kwa umbo la 2-3-5 mabeki wa pembeni wanapopanda, na hukaba kwa 4-4-2 kiungo mmoja anaposogea sambamba na mshambuliaji wa kati.

Hatua ya 2. Simamisha picha beki wa kati wa wapinzani anapopokea mpira, kisha kadiria umbali kati ya mshambuliaji wako wa mbele na beki wako wa mwisho, ukitumia eneo la penalti, lenye kina cha mita 16.5, kama kipimo. Arrigo Sacchi, aliyeipa AC Milan ubingwa wa Ulaya mwaka 1989 na 1990, alitaka umbali huo uwe takriban mita 25. Ukiona mita 40, usiwalaumu viungo kwa kuchelewa, kwa sababu wameachiwa eneo ambalo watu watatu hawawezi kulifunika.

Hatua ya 3. Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi zaidi: tafuta ishara inayoanzisha presha. Huenda ikawa pasi ya kurudi kwa kipa, mpira uliotulizwa vibaya, au beki wa pembeni aliyepokea karibu na mstari huku amelipa mgongo lango analolishambulia. Rudisha video sekunde chache kabla ya mbio kuanza, uone kama wachezaji wameondoka pamoja au mmoja amejitosa peke yake. Kisha chunguza njia ya mbio zenyewe. Katika Liverpool ya Jürgen Klopp, iliyotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, Salah na Mané mara nyingi waliwakimbilia mabeki wa kati wakitokea nje, hivyo wakaziba pasi ya kwenda pembeni, huku Firmino akimfunika kiungo mkabaji wa wapinzani; mpira ukalazimika kupita katikati, ambako viungo watatu walikuwa wakiusubiri. Timu nyingine hufanya kinyume, zikiusukuma mpira pembeni ili mstari wa uwanja uwasaidie kukaba. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: ni pasi gani iliyoachwa wazi kwa makusudi, na nani amewekwa kuivizia?

Hatua ya 4. Hesabu sekunde tano tangu timu ilipopoteza mpira, uone kama imeupokonya tena. Wanaoupokonya haraka ni wale waliokuwa tayari wamekaribiana kwa ajili ya pasi fupi, na ndiyo maana naamini presha nzuri huandaliwa timu ikiwa bado na mpira.

Hatua ya 5. Tafuta presha inapovuja. Angalia mgongoni mwa mabeki wa pembeni, winga wa upande wa mbali, na mipira mirefu inayopita juu ya safu ya ulinzi, ukikumbuka kwamba mshambuliaji aliye ndani ya nusu yake hawezi kuotea. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2020 ni somo zuri sana: Bayern iliifunga Lyon 3-0, lakini kabla ya bao la kwanza Memphis Depay alikuwa ameshapenya nyuma ya mabeki, na Toko Ekambi akagonga mwamba. Matukio kama hayo yaandike kwenye ripoti pamoja na dakika zake, hata kama hayakuzaa bao, kwa sababu mpinzani ajaye atayatafuta hayo hayo.