SOMO: Jinsi ya kurudisha mali yako iliyowekwa bondi bila idhini yako

Wakuu, naandika hili ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Maswali ni yale yale: dereva kaweka bondi (dhamana ya mkopo) pikipiki ya bosi, mdogo mtu kaweka laptop ya dada yake, shemeji kaondoka na friji. Kinachoniuma ni kuona mwenye mali anabeba deni lisilo lake kwa kuwa tu mkopeshaji kamfokea. Nitatumia mfano wa pikipiki ya hesabu, yaani dereva anaiendesha na kumletea mwenye mali kiasi cha kila siku, hapa Tanzania. Vitu vingine vinafuata njia hiyo hiyo.

Shikeni hili kwanza: mtu hawezi kuweka rehani haki asiyokuwa nayo. Deni ni la aliyekopa, pikipiki ni yako.

1. Hakikisha imewekwa bondi kweli, haijauzwa. Anzia kijiweni, wenzake huwa wanajua.

2. Kusanya kadi halisi ya usajili, risiti, mkataba wa dereva, picha za namba ya chasisi na ya injini. Kama mali ni simu, boksi lenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu).

3. Mfanye dereva akiri kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: kaweka kwa nani, lini, kwa shilingi ngapi. Usianze na matusi, atazima simu.

4. Kuonana na mpokea bondi. Hapa ndipo watu wanapoumia, someni taratibu. Nenda mchana, pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Onyesha kadi, kisha mkabidhi barua fupi, ubaki na nakala aliyoisaini. Akikataa kusaini, mwenyekiti aandike kwamba barua imefika. Maneno yawe haya: "Mimi ni mmiliki wa pikipiki hii. Aliyeileta hakuwa na ruhusa yangu ya kuiweka dhamana. Sidaiwi na wewe. Usiiuze wala kuihamisha." Baada ya barua hiyo hawezi tena kusema hakujua.

Atakutolea karatasi "ya kukomboa" usaini. USISAINI. Nyingi zimeandikwa kwamba unalitambua deni, na riba inaanza kuhesabiwa juu ya jina lako. Usiseme "nitalipa kidogo kidogo", hata kwa simu. Ukiona hasara ya hesabu inazidi deni na ukaamua kulipa, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na iandikwe kwamba umelipa kwa niaba ya dereva ili kunusuru mali yako, naye utamdai. Lipa huku pikipiki ikiwa mbele yako. Wapo waliotuma pesa saa nne, wakaambiwa warudi jioni, jioni wakakuta riba mpya.

5. Polisi. Usichukue ripoti ya upotevu. Mali yako haijapotea, unajua ilipo, na karatasi hiyo itakugeuka baadaye. Fungua malalamiko ya wizi, upewe namba ya RB (namba ya taarifa yako polisi). Ukiambiwa "hilo ni dai, nenda mahakamani", taja kwa heshima kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu: kuchukua mali ya mtu, au kuigeuza matumizi, kwa nia ya kuitumia kama rehani au dhamana kumetajwa humo waziwazi miongoni mwa nia zinazofanya kitendo kiwe wizi. "Nilikuwa nitairudisha" si utetezi wa kutosha.

6. Polisi wakiishika kama kielelezo cha kesi, omba mapema kwa maandishi ipigwe picha na ukabidhiwe uitunze. Pikipiki nyingi zinaozea uani kituoni kwa sababu mwenyewe hakuomba.

7. Ikishindikana, fungua shauri la madai mahakama ya mwanzo dhidi ya wote wawili, dereva na aliyeshikilia.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, dogo kaweka laptop na pikipiki yangu bondi, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 7.

Mdau wa Mbagala: Nimesoma juu juu. Nina funguo ya akiba ya pikipiki pia, si niende usiku niichukue tu?

Jibu: Soma yote. Na usiende usiku. Ukivunja geti au ukimgusa mtu, wewe ndiye utakayelala ndani, naye atakuwa mlalamikaji.

Mdau wa Mwanza: Mimi ni mpokea bondi. Nimetoa laki nne kwa nia njema, halafu mnaniita mwizi?

Jibu: Hakuna aliyekuita mwizi, kaka. Kosa la kupokea mali ya wizi linahitaji uwe ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Laki nne zako mdai aliyezichukua. Ila nikuulize: uliona kadi? Jina lililokuwemo ni la nani? Na kama kukopesha ndiyo kazi yako, una leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaitaka.

Dada wa Morogoro: Samahani mwalimu, kadi halisi nilimwachia dereva kwa ajili ya trafiki. Nimejiharibia?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Mali bado ni yako, ila umempa mpokea bondi hoja: atasema ulimwonyesha dereva kwa watu kama mwenye mamlaka nayo. Hapo mkataba ndio utakaokuokoa, hasa ukiwa na kipengele kinachokataza kuuza, kukodisha au kuweka dhamana. Kama hukuwa na mkataba, tafuta jumbe za hesabu za kila siku na miamala ya simu. Zinaonyesha alikuwa dereva tu. Kuanzia leo mpe nakala, kadi ikae kwako.

Mdau wa Mombasa: Huku kwetu Kenya shylock (mkopeshaji wa mtaani) ndiye kaishika logbook (kadi ya gari au pikipiki). Sheria ni moja?

Jibu: Kwa wizi maneno yanafanana kabisa, ndugu yangu. Tazama kifungu cha 268 cha Penal Code ya Kenya. Wewe utachukua namba ya OB, ndiyo RB ya huko.

Mama wa Tanga: Mwanangu, mume wangu kaweka nyumba tunayoishi, sikusaini popote.

Jibu: Shikamoo mama. Hilo ni zito kuliko pikipiki na usilicheleweshe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwenzi kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inataka ridhaa hiyo ionekane kwenye nyaraka. Kama nyumba ina hati, nenda ofisi ya msajili wa hati ukaweke zuio, na umwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria wiki hii hii.

Mdau wa Arusha: Nyongeza: fungeni GPS chini ya tanki, si chini ya siti. Kwenye siti wanaijua.

Jibu: Kweli kabisa. Na namba ya chasisi ipigeni picha leo, kabla haijakwanguliwa.