Kurudi kitubioni baada ya miaka mingi

Tumsifu Yesu Kristo.

Somo hili la kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, ni la yule ambaye hajapiga tena magoti mbele ya muungamishi tangu Kipaimara, au tangu aondoke nyumbani kwenda chuo. Ndugu yangu, usingoje ukumbuke kila kitu ndipo uende.

1. Tafuta nafasi ya kutosha. Foleni ya dakika chache kabla ya Misa haimfai aliyekaa miaka kumi na miwili. Mwombe padre miadi. Kama paroko wako anakufahamu mno na unaona aibu, nenda parokia nyingine. Ni haki yako.

2. Tafiti dhamiri kwa Amri Kumi na Amri za Kanisa. Dhambi za mauti, yaani dhambi nzito, huungamwa kwa aina na idadi, kadiri unavyokumbuka (Kanuni 988 ya Sheria za Kanisa). Nani anaweza kuhesabu Dominika zote alizokosa Misa? Sema, "Karibu kila Dominika kwa miaka kumi na miwili." Inatosha.

3. Ukishafanya ishara ya msalaba, anza na miaka: "Padre, unibariki kwa kuwa nimekosa. Sijaungama miaka kumi na miwili, utaratibu nimeusahau. Naomba uniongoze." Ukishasema hivyo, padre atakuuliza nawe utajibu. Usisimulie hadithi ndefu, wala usitaje majina ya watu wengine. Malizia: "Naungama hizi na zote nilizozisahau." Uliyoisahau kweli imesamehewa pamoja na nyingine, ukiikumbuka baadaye, itaje safari ijayo. Uliyoificha kusudi ni jambo jingine kabisa.

4. Sala ya Kutubu, maondoleo (padre anapokuondolea dhambi), malipizi (sala au tendo analokupa padre ulitimize). Sala ikikutoka kichwani, tubu kwa maneno yako. Malipizi yatimize siku hiyohiyo ikiwezekana.

MASWALI YA WANACHAMA

Naishi na baba watoto wangu, hatujafunga ndoa kanisani. Niende?

Nenda dada, na hali hiyo mweleze padre yote. Maondoleo yanadai nia ya kweli ya kuacha hali ya dhambi, kwa hiyo huenda usiyapate siku hiyo, lakini hujapoteza safari. Kama hakuna kizuizi, atawaelekeza: vyeti vya ubatizo, mafundisho, matangazo, kisha mtaungama na kufunga ndoa. Kama mmoja wenu alishafunga ndoa na mtu mwingine, shauri hilo linaweza kufika mahakama ya Kanisa. Wengi wanakaa mbali miaka yote kwa hofu, kumbe wangekwisha kubariki ndoa zamani.

Nilitoa mimba nikiwa msichana. Ni lazima niende kwa askofu?

Hapana. Mwaka 2016 Papa Fransisko, katika barua Misericordia et misera, aliwapa mapadre wote uwezo wa kuiondolea dhambi hiyo. Nenda, mama. Usiibebe tena.

Nina deni la michango ya jumuiya.

Kitubio hakilipiwi. Deni ongea na viongozi wako siku nyingine.

Padre akilewa je, hatanitaja?

Siri ya kitubio haina ruhusa ya kuvunjwa, hata mahakamani. Padre akiivunja moja kwa moja, anatengwa na Kanisa papo hapo. Hata mkikutana sokoni, hawezi kuanzisha mazungumzo hayo.

Niko Muscat, Omani, kazini. Naweza kuungama kwa simu?

Kwa simu haiwezekani. Lakini hapo Muscat kuna parokia mbili za Kikatoliki, Ruwi na Ghala. Omba ruhusa siku ya mapumziko, ufike.