Somo: Kupanga likizo ya kundi, bila haraka, katika mashamba ya Toscana

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wanaotaka kwenda Italia wakiwa kundi la watu sita hadi kumi, wakapumzike shambani badala ya kukimbizana na makumbusho. Mfano wangu ni Val d'Orcia, bonde lililo kusini mwa Siena, kwa sababu ndiko nilikokwenda na ndugu zangu wanane mwaka juzi, na makosa tuliyoyafanya ninayakumbuka vizuri.

Hatua ya kwanza: chagueni nyumba moja na mkae humo juma zima. Wengi wetu tukishalipa nauli ya ndege hutaka kuona Roma, Firenze na Venezia ndani ya siku saba, na nusu ya likizo huishia katika kufunga na kufungua masanduku. Tafuteni agriturismo, yaani shamba linalopokea wageni. Sheria ya Italia inamtaka mwenyeji kilimo kibaki kuwa kazi yake kuu, hivyo mtalala jirani na mizeituni na mizabibu inayolimwa kweli. Wakati wa kiangazi nyumba nyingi hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo tarehe za ndege zifuate nyumba. Kabla ya kutoa malipo ya awali, ulizeni idadi ya mabafu, hali ya barabara ya kufikia shambani (nyingi ni za changarawe) na vyombo vya jikoni. Sisi la vyombo hatukuliuliza, tukajikuta tunapika wali wa watu tisa katika sufuria mbili ndogo, na waliochelewa mezani wakasubiri mkupuo wa pili.

Hatua ya pili: chagueni majira. Mwezi Mei vilima huwa vya kijani. Septemba zabibu huvunwa, na zeituni hufuata Oktoba na Novemba. Agosti iepukeni, kwa kuwa joto ni kali na Waitalia wenyewe wako likizoni, hasa siku za karibu na sikukuu ya tarehe 15.

Hatua ya tatu: viza. Wanaohitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwamo, wanaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa kila mtu. Mwombeni mwenyeji aandike majina yenu wote katika barua ya malazi, yakiwa kama yalivyo kwenye pasipoti.

Hatua ya nne: gari. Gari la watu tisa pamoja na dereva huendeshwa kwa leseni ya kawaida, lakini wenye leseni za Afrika Mashariki wabebe pia kibali cha kimataifa cha udereva. Jihadharini na maeneo yaitwayo ZTL katikati ya miji ya kale, ambako magari ya wageni hayaruhusiwi na kamera hupiga picha kila namba inayopita. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Mimi niliifuata simu hadi ndani ya Siena bila kuinua macho. Kampuni ya gari ilinikata ada kwanza kwa kazi ya kuwapa polisi jina langu, na faini yenyewe ikanifikia miezi saba baadaye, nilipokuwa nimeshasahau hata rangi ya gari.

Hatua ya tano: fedha. Undeni kamati ndogo kama ya harusi, yenye mweka hazina mmoja, na kila mtu atoe mchango wa chakula na mafuta kabla ya kuondoka. Tengeni pia kodi ya utalii, ambayo miji mingi huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku.

Hatua ya sita: ratiba. Pangeni safari moja kwa siku, isizidi nusu siku, na siku mbili msipange chochote. Maduka ya vijijini hufungwa mchana kwa saa kadhaa, basi nendeni gulioni asubuhi, mrudi, mpike, mlale.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, wanne kati yetu hatuli nguruwe. Tutapata chakula?

Jibu: Mtapata, dada yangu, ila ulizeni kila mara, maana mafuta ya nguruwe huweza kuwamo hata katika mchuzi wa maharage. Semeni «senza maiale», yaani bila nguruwe. Bucha za halali zipo Firenze. Nunueni huko siku ya kuwasili.

Swali: Shikamoo. Mama yetu ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Miji ya milimani itamfaa?

Jibu: Marahaba. Montepulciano ina mteremko mkali, mwepusheni. Mpelekeni Pienza, mji uliojengwa upya na Papa Pius II kuanzia 1459, ambao katikati yake ni tambarare, kisha Bagno Vignoni, ambako uwanja wa kijiji ni bwawa la maji ya moto. Kuoga humo hairuhusiwi, lakini kukaa ukingoni na kahawa kunaruhusiwa.

Swali: Hakuna dereva kati yetu. Tuache?

Jibu: Msiache. Shukeni treni Buonconvento au Chiusi, na chagueni nyumba iliyo umbali wa kutembea kutoka mjini, kwani mabasi ya vijijini ni machache na Jumapili hupungua zaidi. Mwombeni mwenyeji awatafutie teksi ya masanduku kabla hamjafika, si mkiwa tayari mmesimama kituoni.